Hariri ya Cévennes: viwavi wagonjwa na ugomvi wa maprofesa wawili

Mwaka 1965 kiwanda kiitwacho Maison Rouge, katika mji mdogo wa Saint-Jean-du-Gard kusini mwa Ufaransa, kilizima mitambo yake. Kilikuwa kimesokota nyuzi za hariri tangu 1838, na siku kilipofungwa ndicho kilichokuwa kimebaki cha aina yake nchini humo. Miaka mia moja kabla ya hapo, Juni 1865, mwanakemia kutoka Paris aliwasili katika mji jirani wa Alès kuwatibu viwavi wa hariri, ilhali maishani mwake hakuwahi kumshika hata mmoja. Jina lake Louis Pasteur. Mwaka 2025 ulikuwa wa kumbukumbu zote mbili, miaka 60 ya tukio moja na 160 ya lingine, na bado habari hii mara nyingi huhadithiwa kwa sentensi mbili: viwavi waliugua, Pasteur akawaponya. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili ina walakini.

Tuanze na mahali penyewe. Cévennes ni ukingo wa kusini-mashariki wa Massif Central, nyanda kuu ya miamba iliyo katikati ya Ufaransa, na eneo lake limegawanyika katika wilaya za Lozère, Gard, Ardèche na Hérault. Si milima mirefu kwa kipimo cha Ulaya. Kilele cha Finiels, juu ya mlima Lozère, kina mita 1,699. Mlima Aigoual, wenye kituo cha hali ya hewa kilichofunguliwa 1894, una mita 1,565 hivi. Ugumu wake uko kwenye miteremko. Kusini na mashariki ardhi imekatika ghafla ikawa mabonde marefu na membamba, na mito ya Gardon huteremka humo ikielekea Rhône na Bahari ya Mediterania. Mto Tarn, unaozaliwa kwenye mlima Lozère huohuo, unageukia upande wa pili na maji yake huishia Atlantiki.

Vuli inapoingia, hewa yenye joto na unyevu kutoka baharini hugonga ukuta huo wa milima na kuachilia mvua isiyo ya kawaida. Tarehe 19 Septemba 2020 eneo la Valleraugue, chini ya Aigoual, lilipata zaidi ya milimita 600 kwa siku moja, na mto ukabeba barabara na madaraja. Wenyeji hawakuhitaji wataalamu kuwaambia maana ya mvua hiyo. Kwa karne nyingi walijenga matuta, ngazi juu ya ngazi, kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Mafuriko yakishusha udongo bondeni, watu waliuzoa na kuupandisha tena kwa vikapu mgongoni.

Juu ya matuta hayo palisimama chestnati, waliyoiita mti wa mkate, kwa sababu ngano ilikuwa haba na kokwa zake ndizo zilizoshibisha nyumba wakati wa baridi. Zilikaushwa katika vibanda vya mawe, zikitandazwa juu ya dari la fito huku moto usio na ndimi ukifuka moshi chini yake kwa wiki kadhaa. Kisha zilibanguliwa na kuwekwa kwa mwaka mzima. Chestnati ilijaza tumbo, lakini haikuleta fedha taslimu za kutosha. Fedha zilikuja na mti mwingine.

Mforsadi ulikuwapo kusini mwa Ufaransa kabla ya wafalme kuupenda. Mwaka 1599 Olivier de Serres, bwana shamba wa Vivarais, kaskazini kidogo ya hapa, alichapisha maelezo ya ufugaji wa viwavi wa hariri, na Mfalme Henri IV akaunga mkono kwa nguvu upandaji wa miforsadi. Baridi kali ya 1709 iliua mizeituni na chestnati nyingi, na pengo likajazwa na mforsadi. Katikati ya hayo kulipita msiba wa dini. Mwaka 1685 Louis XIV alifuta haki za Waprotestanti, na wengi wa watu wa mabonde haya walikuwa Waprotestanti. Kuanzia 1702 hadi 1704 wakapigana na majeshi ya mfalme. Vita hivyo vimeandikiwa vitabu vingi, sina la kuongeza hapa, isipokuwa kwamba watu waliofungiwa milango ya vyeo vya serikali waligeukia biashara, na biashara ya hariri ikawafaa.

Kufika karne ya 19, mforsadi uliitwa mti wa dhahabu. Hapa ndipo inafaa kuingia ndani ya nyumba, maana biashara hii ilianzia jikoni.

Majira ya kuchipua, miforsadi ilipotoa majani mapya, mama wa nyumba alitoa mayai ya nondo, akayatia katika kifuko cha kitambaa na kuyavaa mwilini chini ya nguo. Alitembea nayo, akalala nayo, mpaka joto lake likayaangua. Aunsi moja ya mayai, yaani gramu 25 hivi, hutoa viwavi zaidi ya 30,000. Wakishaanguliwa walipandishwa ghorofa ya juu, kwenye chumba kirefu chenye meko pembeni na vitanda vya matete vilivyopangwa kama rafu hadi darini. Huko walilishwa majani mabichi yasiyo na umande, yaliyokatwa vipande vidogo kwa wale wachanga. Kwa muda wa wiki tano hivi kiwavi hujivua ngozi mara nne. Siku za mwisho kabla ya kusokota hula usiku na mchana, na sauti ya taya zao ilisikika nyumba nzima mithili ya mvua ikinyeshea majani. Kwa aunsi moja tu familia ililazimika kuchuma karibu tani moja ya majani. Kila mwenye mikono alipanda mtini na gunia.

Ndipo vilipowekwa vijiti vya vichaka vya mlimani katikati ya vitanda, viwavi wakapanda na kwa siku tatu wakajifunga katika vifukofuko. Kifukofuko kimoja ni uzi mmoja usiokatika, unaoweza kufika kilomita moja na zaidi. Juni vifukofuko vilipelekwa sokoni, Alès au kwa mnunuzi wa kiwanda, na fedha iliyopatikana ndiyo iliyolipa madeni ya mwaka, kodi na mahari ya mabinti.

Viwandani pia kazi ilikuwa ya wanawake na wasichana. Kwanza vifukofuko vilitiwa mvuke ili mdudu aliyemo ndani afe kabla ya kutoboa. Kisha msokotaji aliketi mbele ya beseni la maji yanayokaribia kuchemka, akapiga vifukofuko kwa kifagio kidogo mpaka ncha za nyuzi zikajitokeza, akaunganisha nne au tano na kuzipeleka kwenye gurudumu. Vidole vilibabuka. Harufu ya wadudu waliochemka iliingia kwenye nywele na haikutoka kwa sabuni. Siku ya kazi ilizidi saa 12. Madirisha marefu yenye matao ambayo watalii huyapiga picha leo yalijengwa ili wanawake hao waone uzi, si ili wafurahie mandhari ya mlima.

Mwaka 1853 Ufaransa ilivuna takriban tani 26,000 za vifukofuko, kiwango ambacho haikukifikia tena. Tayari ugonjwa ulikuwa umeanza. Viwavi walikuwa na madoadoa meusi kama waliomwagiwa pilipili manga, wakadumaa, wakafa kabla ya kusokota au wakasokota kifukofuko kisicho na kitu. Armand de Quatrefages, mwanasayansi aliyezaliwa karibu na Valleraugue, aliupa jina la pebrini kutokana na neno la lugha ya kusini lenye maana ya pilipili. Wafugaji wakanunua mayai Italia. Italia nayo ikaambukizwa, wakaenda Uturuki na Kaukasia, na mwishowe nchi iliyoaminika ikawa Japani peke yake. Mwaka 1865 mavuno ya Ufaransa yalishuka hadi tani 4,000 hivi. Wenye mashamba zaidi ya 3,500 walitia saini ombi kwa Baraza la Seneti. Wengine hawakungoja jibu, wakashuka kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya La Grand-Combe.

Mzungumzaji wa ombi hilo alikuwa Jean-Baptiste Dumas, seneta na mwanakemia mkubwa, mzaliwa wa Alès. Alimgeukia mwanafunzi wake wa zamani, Pasteur, aliyekuwa amejipatia sifa kwa utafiti wa uchachu wa pombe na mvinyo. Pasteur alijitetea kuwa hajui lolote kuhusu wadudu. Dumas akaona hiyo ni sifa.

Kabla ya kuanza kazi, Pasteur alipitia Avignon kumwona mwalimu wa shule aliyekuwa akijijengea jina kwa kuchunguza wadudu, Jean-Henri Fabre. Fabre aliisimulia ziara hiyo uzeeni, na utamu wa simulizi lake unafanya mtu amsamehe chumvi kama aliitia. Mgeni aliomba kuona kifukofuko. Fabre akatoka, akarudi na mifuko iliyojaa kutoka kwa jirani. Pasteur akachukua kimoja, akakitikisa sikioni, akashangaa kusikia kitu kinagongana ndani. Mwenyeji wake akamweleza kuwa ndimo kiwavi anamojigeuza kuwa nondo. Mtu aliyeitwa kuiokoa hariri ya Ufaransa hakuwa anajua hilo! Baadaye, akifikiria majaribio yake ya kupasha mvinyo moto, Pasteur aliomba kuoneshwa pishi la mvinyo la Fabre. Mwalimu huyo, ambaye mshahara wake haukutosha pishi wala mapipa, alimwonesha mtungi mmoja wa kioo uliokaa juu ya kiti kilichotoboka. Mazungumzo yakaishia hapo. Hata hivyo Fabre hakumdharau. Aliandika kwamba alijifunza kwake kuliendea jambo bila kubeba mzigo wa vitabu.

Huo ndio upande ambao wasifu wa Pasteur hupenda kuusimulia. Upande wa pili uko Montpellier, mwendo mfupi kusini mwa milima, ambako Antoine Béchamp alikuwa profesa wa kemia katika kitivo cha tiba. Mwaka huohuo wa 1865 Béchamp aliwaambia wanachama wa chama cha kilimo cha Hérault kwamba pebrini inatokana na kiumbe anayemvamia kiwavi kutoka nje. Chembe ndogo zenye kung'aa zilizoonekana kwa hadubini katika miili ya wagonjwa, ambazo Waitaliano walikuwa wamezieleza kabla yake, kwake zilikuwa kimelea. Akashauri vyumba vifukizwe kwa mvuke wa kriosoti.

Pasteur alikataa. Kwa maoni yake chembe zile zilikuwa zao la mwili wa kiwavi mwenyewe, dalili ya ugonjwa na si chanzo chake. Wengine pia, akiwemo Balbiani wa Paris na Leydig wa Ujerumani, walishikilia kuwa ni kimelea. Pasteur hakusogea. Alibaki na msimamo huo kwa karibu miaka miwili, na alipouacha mwaka 1867, hakuona sababu ya kuwashukuru waliomtangulia. Béchamp aliandika barua baada ya barua kwenye Akademia ya Sayansi akidai haki yake. Majibu ya Pasteur yalikuwa ya mtu aliyezoea kushinda. Wenye mashamba walisoma malumbano hayo magazetini huku viwavi wao wakiendelea kufa.

Nani alikuwa na haki? Kuhusu chanzo, Béchamp. Hapo hakuna njia ya kuzunguka, na ni aibu kwamba jina lake halitajwi zaidi. Lakini mfugaji wa Cévennes hakuhitaji nadharia. Alihitaji mayai salama, na kriosoti haikumpa. Pasteur, akiwa amekosea chanzo, aliona jambo la kutumika: chembe zile zilionekana wazi zaidi katika nondo kuliko katika mayai au kiwavi mchanga. Basi usipoteze muda na mayai. Mpime mama. Kila jozi ya nondo iwekwe peke yake juu ya kitambaa, jike atage, kisha atwangwe katika kinu kidogo na tone la maji, na tone hilo litazamwe kwa hadubini. Likiwa na chembe, kitambaa na mayai yake vichomwe moto. Likiwa safi, mayai yatunzwe kwa mwaka ujao.

Wapinzani walicheka: mkulima wa mlimani na hadubini wapi na wapi? Pasteur akajibu kwamba katika maabara yake kulikuwa na msichana wa miaka minane anayeitumia bila shida. Alijua pia namna ya kuwaziba watu midomo hadharani. Mwaka 1866 alipima nondo waliotaga mafungu 14 ya mayai, akaandika utabiri wa kila fungu na kumkabidhi meya wa Saint-Hippolyte ukiwa katika bahasha iliyofungwa. Baada ya msimu wa 1867 bahasha ilifunguliwa. Mafungu 12 kati ya 14 yalikwenda kama alivyoandika. Hata hayo mawili hayakumdhuru, kwani wakati huo alikuwa amegundua kwamba viwavi walikuwa na ugonjwa wa pili, unaoozesha tumbo, ambao kipimo chake cha kwanza hakikuulenga.

Émile Duclaux, mmoja wa vijana waliomsaidia katika nyumba ya Pont-Gisquet nje ya Alès, alieleza baadaye kuwa bwana wao hakuwashirikisha mawazo yake. Walipima, wakaandika, wakakisia. Duclaux ni shahidi mzuri kwa sababu alimpenda Pasteur na bado alikiri makosa yake. Alishuhudia pia gharama. Pasteur alifiwa na baba yake mwezi uleule alioanza kazi, Septemba akafiwa na binti yake mdogo Camille, na Mei 1866 binti mwingine, Cécile, akafariki kwa homa ya matumbo. Mkewe Marie na binti yake Marie-Louise wakajifunza ufugaji na kushika zamu kwenye vitanda vya viwavi. Oktoba 1868 alipigwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kushoto. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi milimani. Kitabu chake cha juzuu mbili kilitoka 1870.

Béchamp aliishi hadi 1908 na uchungu wake. Baadaye alitetea nadharia zake mwenyewe kuhusu chembechembe za uhai ambazo hazikusimama, na leo jina lake huitwa zaidi na watu wanaokana kabisa kwamba vijidudu huleta maradhi. Ni kejeli ya pekee: mtu aliyesema mapema kuliko Pasteur kuwa kimelea ndiye anayewaua viwavi sasa ni shujaa wa wasioamini vimelea.

Basi Pasteur hakuponya kiwavi hata mmoja. Aliyeugua alikufa. Alichofanya ni kuzuia mgonjwa asizae, na waliobeba kazi hiyo mwaka baada ya mwaka walikuwa wanawake waliofunzwa kutwanga nondo na kuinamia hadubini. Upimaji wa nondo mama umebaki kuwa kanuni ya wafugaji wa hariri hadi sasa. Alès ilimsimamishia Pasteur sanamu mwaka 1896. Wanawake hao sijaona orodha ya majina yao popote.

Dawa ilipopatikana, soko likaugua. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, hariri ya China na Japani ikafika Lyon kwa bei ambayo mama wa Cévennes, hata kama hakujilipa mshahara, hakuiweza. Serikali ilianza kutoa ruzuku mwaka 1892, nayo ikachelewesha tu yaliyokuwa yanakuja. Ikaja hariri ya kutengenezwa kiwandani, vikaja vita vya 1914 vilivyomaliza vijana, ikaja nailoni. Chestnati zilishambuliwa na ugonjwa wa mizizi na kukatwa kwa ajili ya viwanda vya kutengeneza dawa ya kusindika ngozi za wanyama. Misonobari iliyopandwa ili kutoa nguzo za machimboni imevamia matuta yaliyoachwa, na kiangazi huwaka kwa urahisi.

Mwaka 1970 sehemu kubwa ya milima ikawa Hifadhi ya Taifa ya Cévennes, makao yake Florac, na 2011 UNESCO iliiingiza Cévennes na nyanda za chokaa za jirani katika Urithi wa Dunia kwa sababu ya ufugaji wake wa kale. Heshima hiyo ni halali. Lakini ukuta wa mawe hauzuii udongo kwa kuwa uko kwenye orodha; unahitaji mtu wa kurudisha jiwe lililoanguka, na mtu hukaa pale palipo na riziki. Kwa sasa riziki hiyo ni jibini ya mbuzi iitwayo pélardon, kitunguu kitamu cha matuta ya upande wa Aigoual chenye hati ya kulinda jina lake tangu 2003, na wageni. Kijijini Monoblet ufugaji wa viwavi umefufuliwa kwa kiasi kidogo tangu miaka ya 1970.

Maison Rouge yenyewe ilifunguliwa upya 2017 ikiwa makumbusho ya mabonde ya Cévennes. Kwa atakayejaliwa kufika, treni ya mvuke huanzia Anduze hadi Saint-Jean-du-Gard, kilomita 13, ikisimama njiani kwenye bustani ya mianzi iliyoanzishwa 1856 na Eugène Mazel. Mji ni mdogo, kwa miguu panatosha. Akiingia kiwandani, apite haraka kwenye mambo ya Pasteur na akae zaidi mbele ya mabeseni.